Mchimbaji hana kosa: kumfuga gobi anayefukua mchanga wa tangi

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, dada na kaka zangu wafugaji wa samaki wa matangini, na nyinyi wazamiaji mnaotuvulia samaki hao, mliotoka Shimoni na Mtwapa alfajiri ili mfike kwa wakati: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme juu ya samaki anayefukua mchanga. Ombi lenyewe lilikuja kama malalamiko. Mmoja kafukiwa matumbawe yake, wa pili mawe yamemporomokea, wa tatu maji hayajatulia tangu samaki aingie, na wote wanauliza swali moja: tumkomesheje? Nitajibu mapema ili tusipotezeane muda. Hakomeshwi. Samaki huyu anachimba kwa sababu anakula, na anachimba kwa sababu anajenga nyumba. Siku atakapoacha kuchimba ndiyo siku ya kuingiwa na wasiwasi, maana huyo tayari ni mgonjwa au njaa imemmaliza nguvu. Kilicho mikononi mwetu ni kulipanga tangi liweze kuishi naye, na kumlisha ipasavyo. Hilo la pili ndilo linalonileta hapa hasa.

Mhusika mwenyewe wengi mnamjua. Kwenye biashara anaitwa gobi wa almasi, na jina lake la kitaalamu ni Valenciennea puellaris. Ni mweupe wa kijivu, ana madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, na macho yamekaa juu ya kichwa. Ni wa bahari yetu: anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, akashuka pwani yetu hii hadi Madagaska, na upande wa mashariki anafika mpaka visiwa vya Samoa. Akikomaa anafika sentimita 15, na wengine wanakaribia 20. Ana ndugu zake mnaowaona kwenye ndoo hizo hizo: Valenciennea strigata mwenye kichwa cha manjano na mstari wa buluu chini ya jicho, Valenciennea sexguttata mwenye vidoa vya buluu mashavuni, na Valenciennea helsdingenii mwenye mistari miwili inayotembea urefu wote wa mwili. Tabia zao hazipishani sana, kwa hiyo nitakalosema juu ya mmoja mlichukue kwa wote.

Mtazameni kwa karibu anapokula. Anasimama juu ya mchanga akiegemea mapezi ya chini, anageuza jicho moja, kisha anashindilia mdomo mzima ardhini. Anainuka na mchanga mdomoni. Mashavu yanacheza, taya zinatafuna, na mchanga unaanza kuchuruzika kwenye matamvua, pande zote mbili, laini kama uliochekechwa kwenye kitambaa. Kilichobaki ndani ni vijidudu: kopepodi, amfipodi, viminyoo, na viganda vidogo ambavyo jicho letu halivioni. Akimaliza anasogea nusu shubiri na kurudia. Kazi hiyo ni ya kutwa nzima, kuanzia mwanga unapoingia hadi unapozimwa. Ni kuku anayechakura uani: humwoni akila mlo mmoja mkubwa, lakini ukimfungia mahali pasipo na kitu cha kuchakura, atakonda mbele ya macho yako.

Sasa tufike kwenye neno tunaloambiwa dukani, kwamba huyu ni "msafishaji". Neno hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki inaua samaki. Ni kweli kwamba mchanga unaogeuzwa kila siku unabaki mweupe, kwa sababu ule utando wa kahawia wa mwani haupati nafasi ya kutulia. Lakini gobi hali mwani, wala hali kinyesi cha samaki wengine. Anakula viumbe wanaoishi mchangani, na viumbe hao ndio waliokuwa wakimega taka zenu kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu ananunua gobi, tangi linang'aa kwa wiki kadhaa, anafurahi na kuwapigia wenzake picha. Miezi miwili mitatu baadaye mchanga umekuwa mtupu. Gobi anaendelea kuchekecha vile vile, asubuhi hadi jioni, na kwa anayetazama kwa mbali anaonekana anashiba. Hashibi. Anachekecha mchanga usio na kitu.

Ndiyo maana nawasihi mjifunze kutazama tumbo. Mtazameni kwa mbele na kwa juu, msimtazame ubavuni peke yake. Gobi mwenye afya tumbo lake limejaa au limenyooka. Tumbo likibonyea ndani nyuma ya mapezi ya kifua, na mgongo ukaanza kuonekana kama ukingo, ana njaa ya muda mrefu. Hapo msisubiri Jumamosi, siku ya usafi wa tangi. Anzeni siku hiyo hiyo.

Alishwe nini? Vyakula vya kugandishwa: artemia iliyoongezwa virutubisho na misidi, ambao wote ni vijikamba vidogo, au kamba mbichi aliyekatwakatwa mpaka akawa saizi ya punje ya mchele uliovunjika. Vile vidonge vidogo vinavyozama vinafaa pia akishavizoea. Chakula kinachoelea hakimsaidii, kwa sababu samaki wa juu watakimaliza kabla hakijamfikia. Chukueni bomba jembamba la plastiki, ncha moja iwe karibu na mlango wa shimo lake, mmimine chakula na maji kidogo kishuke pale pale alipo. Mara mbili kwa siku ni kiwango cha chini, na aliyekonda alishwe mara tatu au nne, kidogo kidogo. Wengine huanza kwa kusita. Chakula kikifunikwa na mchanga mwembamba, atakikuta mwenyewe anapochekecha, na baada ya siku chache atajifunza kwamba bomba likishuka, chakula kimekuja.

Mwenye nafasi afanye zaidi ya hapo. Awe na kitangi cha pembeni kilichounganishwa na tangi kubwa, chenye mwani na taa yake, ambamo hakuna samaki. Kopepodi na amfipodi watazaana humo kwa utulivu na kuvuka wenyewe na maji. Na tangi lenyewe lisiwe changa. Mimi simshauri mtu kumtia gobi huyu kwenye tangi ambalo halijatimiza miezi sita ya kufanya kazi vizuri, wala kwenye tangi la chini ya lita 200, kwa sababu kinachomlisha ni eneo la mchanga, na eneo dogo huisha haraka. Msimchanganye na washindani wake wa chakula pia. Kiti cha pweza, yaani nyota wa baharini, anayejizika mchangani na gobi wa aina hii wakiwa kwenye tangi dogo, mmoja atakufa kwa njaa, na mara nyingi ni wote wawili.

Hapa niwageukie wazamiaji na wale wanaofungasha. Tunajua utaratibu: kabla samaki hajasafirishwa hunyimwa chakula siku moja au mbili, asije akachafua maji ya mfuko njiani. Kwa samaki anayekula mlo mmoja mkubwa hilo si neno. Kwa gobi wa mchangani, ambaye maumbile yake ni kula kutwa, njaa inaanza pale pale mnapomtoa baharini, kwa sababu beseni na matangi ya kuhifadhia hayana mchanga. Akikaa kwenu siku tano, akafunga siku mbili, akapanda ndege usiku, akakaa dukani wiki nzima sakafu ikiwa kioo kitupu, basi aliyenunua amenunua samaki aliyekwisha kuishiwa. Naomba mambo mawili tu. Wekeni trei ya mchanga kwenye matangi ya magobi na muwalishe mpaka siku ya mwisho inayoruhusu. Na mkiwaona wawili wanaoingia shimo moja, wavueni pamoja na muwauze pamoja, au muwaache pamoja. Samaki hawa huishi wawili wawili, dume na jike, wanachimba pamoja na kulinda pamoja, na mayai yakitagwa ndani ya shimo dume ndiye anayeyatunza. Madume wawili wasiojuana kwenye tangi moja watapigana mpaka mmoja aumie. Wawili waliokwisha kuoana wanatulia haraka na wanakula vizuri zaidi.

Mwenyekiti ananiangalia, najua mmekuja kusikia habari za mawe. Haya.

Mawe yote yakae juu ya kioo, au juu ya kimia kigumu cha plastiki kilicholazwa kwenye kioo, na mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka. Asiyefanya hivyo amejenga ukuta bila msingi. Gobi anachimba shimo lake chini ya jiwe, kwa sababu jiwe ndilo dari yake. Anatoa mchanga kwa mdomo, anausukuma kwa mkia, na hapimi uzito wa kilichokaa juu. Jiwe likikalia mchanga, iko siku litashuka. Likimkuta ndani linamponda, na likielekea kioo linaweza kukipasua. Mawe yaliyopandana yashikwe kwa saruji isiyodhuru au gundi ngumu ya matangini, na yale makubwa yatobolewe yapitishwe fimbo ya plastiki. Baada ya kujenga, kabla ya maji, wekeni mkono na kuyatikisa. Jiwe linalocheza kwa mkono wako mkavu litacheza zaidi litakapokuwa majini.

Mnaweza pia kumwelekeza. Kipande cha bomba la plastiki la maji, upana wa inchi moja na nusu, kikizikwa kwa mshazari chini ya jiwe na mdomo wake ukiachwa wazi, mara nyingi atakichukua kuwa nyumba. Mpeni na vifaa: vipande vya kombe, vipande vya matumbawe yaliyokufa, kokoto chache. Atavibeba kimoja kimoja na kupanga mlangoni kwake. Samaki mwenye shimo imara hahami hami, na asiyehamahama hafukui tangi zima.

Mchanga uwe wa aina gani? Uwe wa matumbawe, wenye punje laini za mviringo, karibu milimita moja, na kina cha sentimita 5 hadi 8. Kifusi cha matumbawe yaliyosagwa, kile chenye ncha, kinamchubua mdomo na matamvua, na hawezi kukichekecha. Mchanga mwembamba kama unga nao una shida yake, maana kila anapoutema unapaa na kutua kila mahali. Na msiingie kwenye hifadhi za bahari kuchota mchanga wala kung'oa mawe. Kule Kisite-Mpunguti, Watamu au Malindi, kinachokaa chini ya maji kinabaki chini ya maji.

Matumbawe yenu sasa. Gobi wa kichwa cha manjano ndiye msumbufu zaidi kwa hili, kwa sababu ana tabia ya kupaa na mchanga mdomoni na kuutemea katikati ya maji. Matumbawe yanayokaa sakafuni, yale ya nyama pana yenye mikunjo, hayana pa kukimbilia. Yakifunikwa kwa siku mbili tatu, nyama iliyo chini ya mchanga inakufa na kuoza. Yapandisheni juu ya mawe, sentimita 15 au 20 kutoka mchangani, au yawekeni kwenye mwinuko wake peke yake mbali na shimo. Kila jioni pulizieni maji kwa pampu ndogo ya mpira ya mkono, ile ya kubinya, mchanga uondoke bila kuyagusa. Zipandisheni na pampu za mawimbi, zisivute mchanga ndani, maana chembe hizo zinasaga injini polepole mpaka inaanza kulia.

Kuna dhara moja ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa, nalo ni sumaku ya kusafishia kioo. Gobi anaporusha mchanga, punje zinanasa kwenye mwani wa kioo, sehemu za chini hasa. Ukipitisha sumaku pale, punje moja inaingia katikati ya kitambaa na kioo, na unachora mstari mrefu ambao hautafutika. Kwa mwenye tangi la plastiki ngumu ni mbaya zaidi. Sentimita kumi za chini zisafishwe kwa kadi ya plastiki inayoshikwa kwa mkono, na sumaku iishie juu ya hapo.

Wale wenye matangi ya miaka mingi, ambayo mchanga wake haujaguswa, wawe waangalifu kuliko wote. Chini ya mchanga mzito na wa zamani kuna tabaka lisilo na oksijeni. Mnaliona kwenye kioo likiwa na mabaka meusi, na mkilichokoa linatoa harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki, na pamoja nayo kuna taka zilizolala. Mkimtia mchimbaji mle ghafla, atayafukua yote katika siku chache. Anzeni kwanza kuusafisha kwa mpira wa kunyonya maji, robo ya sakafu kila wiki mnapobadilisha maji, mpaka mmalize. Kisha ndipo aingie. Na umeme ukikatika, jambo ambalo hapa kwetu si geni, tangi lenye mchanga uliotibuliwa karibuni linaishiwa oksijeni mapema, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri iwe tayari karibu.

Tangi lifunikwe. Gobi akishtuka anaruka, hata huyu anayeonekana mzito. Wavu mwembamba uliokazwa kwenye fremu unatosha, na matundu ya mabomba yazibwe pia, kwa sababu hapo hapo ndipo anapopenya.

Wachimbaji wengine nitawapitia haraka. Chewa na changu hatuwafugi, lakini kikande tunamfuga, na kikande hupuliza maji mdomoni kufukua mchanga na kusukuma mawe kwa makusudi. Kwake kanuni ya mawe ni ile ile, ila muongeze uzito wa gundi. Mkundaji ana ndevu zake za kupekulia mchanga, anakua haraka, na hafai tangi la nyumbani. Wale samaki wembamba wenye rangi kali wa jamii ya Halichoeres hujizika mchangani usiku wakalala, hivyo wanahitaji sentimita 5 au zaidi za mchanga laini, lakini mchana hawasumbui. Yupo wa Pasifiki, Pholidichthys leucotaenia, anayeuzwa akiwa mdogo na mwenye mistari kama ngogo wa baharini. Akikua anapita sentimita 30, anaishi kwenye mahandaki chini ya mawe yote, na humwoni tena isipokuwa kichwa. Huyo mfikirieni mara mbili. Na anayetaka mchimbaji asiyeharibu, atafute gobi mdogo anayeishi shimo moja na kamba bastola, aina ya kamba mdogo wa baharini. Kamba ndiye anayechimba, haoni vizuri, na ananyoosha kipapasi chake kumgusa samaki aliyekaa mlangoni. Hatari ikija samaki anatikisa mkia na wote wawili wanaingia ndani. Eneo lao ni dogo, na uchimbaji wao unabaki pale pale.

Mwishowe, kuna atakayesema amesikia yote na bado samaki huyu hamfai. Ni haki yake. Amtoe kwa utaratibu. Kumfukuza na wavu ni kuvunja mawe bila kumpata. Kateni chupa ya maji ya plastiki shingoni, geuzeni shingo iingie ndani kama mgono, tieni chakula, lazeni chupa karibu na shimo lake asubuhi kabla hajalishwa. Kisha mpeni mfugaji mwenye tangi kubwa zaidi, au mrudisheni kwa aliyemuuza.

Baharini asirudishwe. Najua kishawishi kipo, bahari iko hapo chini na samaki ni wa huku huku. Lakini amekaa maji mamoja na samaki waliotoka Indonesia na Karibi, na hamjui amebeba maradhi gani. Mwaka 1985 samaki simba alionekana kwa mara ya kwanza pwani ya Florida, karibu na Dania Beach. Watafiti wanaona kwamba chanzo ni samaki walioachiwa kutoka matangini. Leo samaki simba wa aina mbili, Pterois miles, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi, na nduguye wa Pasifiki Pterois volitans, wametapakaa Karibi nzima wakila watoto wa samaki wa huko. Walianza wachache tu, mikononi mwa watu waliodhani wanawafanyia hisani.

Nimeweka mezani pale sahani tatu za mchanga: wa unga, wa milimita moja, na wa kifusi. Pitisheni vidole kwenye kila mmoja kabla hatujaanza maswali, na mwenye picha ya gobi wake kwenye simu aje nayo, tutazame tumbo pamoja. Asanteni.